Mwalimu Anajibu: Hadithi ya mlevi, mhariri kijana, na barua kutoka Georgia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninahariri jarida la wanafunzi Wakatoliki katika chuo kimoja hapa Mwanza. Kwa toleo la Kwaresima mwenzetu ameleta hadithi ya baba mlevi anayempiga mwanawe hadi kumvunja mkono, kisha anafia njiani usiku, bila padre na bila toba. Imeandikwa vizuri mno. Mlezi wetu naye ameipenda, ila anataka mwisho ubadilishwe, mlevi aungame kabla ya kukata roho, kwa sababu anaona jarida la Kikatoliki halipaswi kumwacha msomaji gizani. Mwandishi amekataa kugusa hata nukta. Wewe uliwahi kugusia hapa kwamba Flannery O'Connor, mwandishi Mkatoliki wa Marekani, alikuwa akijibizana na wanafunzi kwa barua. Aliwaambia nini? Na mimi nikimwandikia mwandishi mkubwa wa hapa kwetu kumwomba ushauri, atanijibu kweli?
Mhariri, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwisho wa hadithi hiyo usiubadilishe. Kabla sijakueleza kwa nini, ngoja nikupitishe kwa O'Connor, maana swali linalokusumbua lilimfikia naye kwa sura inayokaribiana, tena kupitia majarida ya vyuo kama lenu.

Alizaliwa Savannah, jimbo la Georgia, tarehe 25 Machi 1925, sikukuu ya Kupashwa Habari. Kusini mwa Marekani Wakatoliki walikuwa wachache katikati ya Waprotestanti wengi, na hao majirani ndio waliojaa katika hadithi zake: wahubiri wa barabarani, wakulima maskini, wajane wenye mashamba na wenye kujisifu. Baba yake alifariki mwaka 1941 kwa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe. Flannery alipofika miaka 25 ugonjwa uleule ukamkamata. Akarudi kwa mama yake, Regina, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa liitwalo Andalusia, nje kidogo ya mji wa Milledgeville, akaishi hapo mpaka alipofariki tarehe 3 Agosti 1964, akiwa na miaka 39. Kuanzia 1955 alitembea kwa magongo. Asubuhi alikwenda Misa, akirudi anaandika kwa saa chache, basi, nguvu zinakwisha. Alasiri ilikuwa ya wageni, ya tausi wake aliowafuga kwa wingi, na ya barua.

Lipo jambo ambalo wanaomsifu kwa kujibu barua hulisahau. Yeye mwenyewe alikuwa mhariri wa wanafunzi. Alipokuwa katika chuo cha wasichana cha jimbo, palepale Milledgeville, alihariri jarida la fasihi la chuo, The Corinthian, na gazeti la wanafunzi lilitoka na vibonzo vyake, alivyovichonga kwenye linoleamu, ile nyenzo laini ya kufunika sakafu, na kuvichapa kwa wino. Vibonzo vingine alivipeleka kwenye jarida la The New Yorker vikarudishwa. Kwa hiyo barua ya kijana ilipofika Andalusia ikisema inatoka kwenye jarida la chuo fulani, aliyeifungua aliifahamu kazi hiyo kuanzia kurasa tupu zinazosubiri mpaka aibu ya kumwomba mtu mzima maandiko bila malipo.

Jarida la Esprit la Chuo Kikuu cha Scranton, Pennsylvania, ambacho ni cha Wajesuti, shirika la watawa Wakatoliki, lilichapa majibu yake kwa maswali mawili mwaka 1959, na alipofariki, jarida hilohilo likatoa toleo la kumkumbuka. Mwaka 1961 ikawa zamu ya Fresco, jarida la Chuo Kikuu cha Detroit, nacho cha Wajesuti. Majibu aliyowapa Fresco ndiyo ninayotaka uyashike, kwa sababu yanahusu utashi huru wa wahusika, na shida ya hadithi yenu iko hapo hasa.

Aliulizwa kuhusu riwaya yake The Violent Bear It Away, iliyotoka 1960. Mle ndani kuna mvulana wa miaka 14, Tarwater, aliyelelewa porini na kaka wa bibi yake, mzee aliyejiona nabii. Mzee anakufa, anamwachia agizo: akambatize Bishop, mtoto mdogo mwenye ulemavu wa akili, mwana wa mjomba wake Rayber. Rayber ni mwalimu wa shule, hataki kusikia habari za Mungu, na amejifunga asimpende mtu kupita kiasi. Mvulana naye hataki unabii. Anakimbia wito, anaukana, anautukana. Mwishowe anamzamisha mtoto ziwani ili kuthibitisha kwamba yuko huru, na wakati wa kumzamisha maneno ya ubatizo yanamtoka kinywani mwenyewe bila kuyapenda. Ni ukurasa mgumu kuusoma. Wapo watakaosema kijana wa namna hiyo hakuwa na uhuru wowote, kwamba mwandishi alimsukuma tu kama punda.

O'Connor alijibu kwa utulivu. Alisema wahusika hawa wasingekuwa na uhuru, kusingekuwa na mapambano ndani yao, na wao hawafanyi kingine ila kupambana. Rayber na Tarwater wanashindana na mkondo mmoja unaopita ndani yao wote wawili. Rayber anaushinda, anapata alichokitaka. Tarwater anashindwa, anainama chini ya wito. Wote wawili ni watu huru. Alikiri pia kwamba huenda kila mmoja wetu ana vizuizi vyake, ila si vizuizi vya kutufanya tuseme ulimwengu wote umepangwa tangu zamani na hakuna wa kuchagua.

Sasa rudi kwa mlevi wenu. Ukimlazimisha aungame kwa sababu ni Kwaresima, anayeungama si yeye, ni mlezi wenu. Mlevi amenyang'anywa uhuru ambao Kanisa linafundisha kwamba hata Mungu hauvunji. Msomaji atalijua hilo hata kama hawezi kulieleza. Ataona mkono wa mtu mwingine umeingia ukurasa wa mwisho. Toba ya kupachikwa inaidharau toba ya kweli, ambayo hugharimu. Mimi hili nalishikilia kwa nguvu zote. Nimefundisha fasihi seminari ndogo huko Ruvuma muda mrefu, nikasimamia gazeti la ukutani, na nimesoma toba za karatasi nyingi mno, walevi wanaotupa chupa kwenye mstari wa mwisho na makahaba wanaoingia utawa ndani ya aya moja. Sijamwona kijana aliyeguswa na hata mojawapo.

Usimdharau mlezi wako lakini. Anabeba wajibu ambao wewe huubebi. Mzazi akilalamika, anayeitwa ni yeye. O'Connor naye hakulichukulia Kanisa kama adui wa kalamu. Siku zile Kanisa bado lilikuwa na Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa, ambavyo Mkatoliki hakuvisoma bila ruhusa, na yeye, mwandishi aliyekwisha kujulikana, alimwandikia padre Mjesuti rafiki yake kuomba ruhusa ya kusoma vitabu vya Gide na Sartre, waandishi Wafaransa, kwa ajili ya kikundi cha usomaji. Utii huo haukuwa woga. Aliamini kwamba imani ni mwanga wa kuonea, kwamba mwanga huo si ndicho kitu kinachoonwa, na kwamba hauwezi kufanya kazi ya macho. Mwandishi Mkatoliki anayefumba macho mbele ya mlevi aliyekufa mtaroni hajailinda imani. Ameacha kuitumia.

Mpelekee mlezi wako hoja hiyo kwa heshima, ana kwa ana, siyo kwenye kundi la WhatsApp. Mwambie akubali hadithi itoke kama ilivyo, na umpe nafasi ya kuandika maneno yake pembeni akitaka, kwa jina lake. Hapo kila mtu atakuwa amesema lililo lake.

Na mwandishi wenu asiyegusa hata nukta naye nina neno lake. O'Connor alimpelekea maandiko yake Caroline Gordon, mwandishi aliyemzidi umri na uzoefu, akarudishiwa kurasa za ukosoaji, akakaa chini akaandika upya. Hakulazimishwa mwisho, aliulizwa maswali yaliyomwonyesha mahali asipoona bado. Muulize mwenzako maswali ya namna hiyo. Yule mtoto aliyevunjwa mkono yuko wapi baba anapokufa? Nani anamwona wa kwanza asubuhi? Kama anayo majibu na ameyaacha nje kwa makusudi, vema. Kama hakuwahi kujiuliza, bado ana kazi.

Barua yake kwa mwanafunzi ninayoipenda kuliko zote haikwenda kwa mhariri. Mwaka 1962 alikwenda kuzungumza na wanafunzi Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, Alfred Corn, ambaye baadaye alikuja kuwa mshairi, aliona haya kumfuata baada ya mazungumzo. Akamwandikia barua: imani yake inampotea, afanye nini? Hawakuwa wakijuana. Jibu la O'Connor ni la tarehe 30 Mei 1962, na ni refu.

Angalia alivyompokea. Hakushtuka, wala hakumpigia kengele ya hatari. Alimwambia kwamba hilo analoliita kupoteza imani ni sehemu ya imani yenyewe, au linaweza kuwa, na kwamba hajui ni imani ya namna gani inayotakiwa kwa Mkristo wa karne ya 20 kama haisimami juu ya kilio cha yule baba katika Injili ya Marko: naamini, nisaidie kutokuamini kwangu. Alimweleza kwamba chuoni mtu anamiminiwa mawazo mapya kwa kasi mpaka upande mwingine wa maisha yake unadumaa, akamtajia vitabu vizito, vya Gilson na vya Teilhard de Chardin, wasomi Wakatoliki wa Ufaransa, asidhani kwamba Wakristo hawafikiri. Halafu, katikati ya vitabu vyote hivyo, akamkumbusha jibu ambalo mshairi Hopkins, padre Mjesuti, alimpa rafiki yake Bridges alipomwandikia kuuliza afanyeje ili aamini. Hopkins alimjibu kwa maneno machache: toa sadaka. Maana yake ni kwamba Mungu anapatikana pia katika kumpenda mtu aliye mbele yako, kwa vitendo, kichwa kikiwa bado na vita vyake.

Mimi nimeisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya madarasa yangu, na vijana waliokuwa wamejiegemeza ukutani waliinuka wakakaa vizuri. Kinachowashika ni kwamba mama huyu mgonjwa hamchukulii kijana kama mgonjwa. Anamjibu kama mtu mwenye akili timamu aliyeuliza jambo kubwa. Anamshauri ajifunze yote anayoweza kujifunza, lakini awe na mashaka ya Kikristo hata juu ya hayo anayojifunza, yamweke huru; huru kufinyangwa na kitu kikubwa kuliko akili yake mwenyewe, si huru kufanya apendavyo.

Usidhani alikuwa mpole kwa kila aliyemwandikia. Machi 1961 profesa mmoja wa Kiingereza alimwandikia kwa niaba yake, ya wenzake na ya wanafunzi wao. Walikuwa wameisoma hadithi yake ya familia inayouawa njiani na jambazi aliyetoroka gerezani, wakakubaliana kwamba jambazi huyo hakuwapo kabisa, kwamba baba wa familia alimwota tu. Alimjibu kwamba tafsiri hiyo imemshangaza mno na kwamba iko mbali na alichokusudia kadiri inavyowezekana. Kisha akaonya kwamba mwalimu akiigeuza hadithi kuwa fumbo la kutafutiwa jibu, ambalo jibu lolote linafaa ilimradi lisiwe la wazi, wanafunzi hawatajifunza kamwe kufurahia kusoma. Walimu wenzangu wa fasihi, hiyo ni yetu.

Sasa swali lako la mwisho. Ndiyo, mwandikie mwandishi unayemkusudia. Soma kitabu chake kwanza, chote. Barua isizidi ukurasa mmoja. Jitambulishe kwa jina, chuo na jarida, taja mahali katika kitabu palipokufanya uulize, kisha uliza maswali mawili, matatu yakizidi. Swali lisiwe la "unatushauri nini sisi vijana", maana hilo halina mlango wa kuingilia. Muulize kuhusu kazi: kwa nini mhusika fulani alirudi nyumbani, kwa nini sura fulani imesimuliwa na mtoto. Fuata heshima zetu za kumwamkia mkubwa, ila sifa ndefu ziache. Mwambie mtachapa lini na kwamba atayaona majibu yake kabla hayajachapwa. Akiwa kimya, mkumbushe baada ya wiki chache kwa sentensi mbili. Akikataa, mshukuru. Atakayejibu, hata kwa mistari mitano, ichape kama ilivyo, usiirembe.


SWALI: Mwalimu, habari ya kazi. Rafiki yangu anayesoma Marekani ameniambia huyo O'Connor unayemsifu alikuwa mbaguzi wa rangi, na kwamba chuo kimoja cha Kikatoliki kimefuta jina lake kwenye jengo. Kwa nini unatuletea sisi Waafrika barua zake?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Rafiki yako amekuambia kweli. Katika barua zake za faragha O'Connor aliwaandika watu weusi kwa maneno ya dharau, na si mara moja. Baadhi ya barua hizo hazikuwa wazi kwa umma kwa miaka mingi. Mwaka 1959 rafiki yake alitaka kumkutanisha na James Baldwin, mwandishi mkubwa mweusi. O'Connor alikataa kumpokea Georgia, akasema New York angefurahi kukutana naye, lakini nyumbani kungezuka vurugu. Wakati huo Wamarekani weusi walikuwa wakipigwa na kufungwa kwa kudai haki ya kukaa kwenye kiti cha basi. Mtu aliyepokea Ekaristi karibu kila siku aliogopa majirani kuliko kumkaribisha mgeni. Sitampunguzia hilo kwa kusema zama zilikuwa hivyo, kwa sababu katika zama hizohizo walikuwapo Wakatoliki weupe walioandamana.

Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Loyola cha Maryland kililiondoa jina lake kwenye bweni la wanafunzi, kikalipa bweni jina la Sista Thea Bowman. Nakusihi umsome huyo. Alizaliwa Mississippi mwaka 1937, mjukuu wa mtumwa, akaingia Ukatoliki akiwa mtoto, akawa mtawa wa Kifransisko. Mwaka 1989, akiwa na kansa, alisimama mbele ya maaskofu wa Marekani, akaanza kwa kuimba, akawaeleza maana ya kuwa mweusi na Mkatoliki, na mwishowe maaskofu wakasimama wakashikana mikono wakaimba pamoja naye. Alifariki mwaka uliofuata, na mchakato wa kumtangaza mtakatifu umefunguliwa. Mimi naona walichagua vizuri. Jina kwenye bweni ni heshima, na mwanafunzi mweusi anayelala humo ana haki ya kuuliza heshima hiyo anapewa nani.

Kusoma ni jambo lingine. Mwandishi huyuhuyu, karibu na mwisho wa maisha yake, aliandika hadithi ya Bi Turpin, mwanamke mweupe mwenye shamba, anayemshukuru Yesu kila saa kwa kutomuumba mweusi wala mzungu masikini. Kwenye chumba cha kungojea daktari binti mmoja msomi anamrushia kitabu usoni, anamkaba koo, na kumwambia arudi jehanamu alikotoka, ngiri mzee yeye. Jioni, kwenye banda la nguruwe wake, Bi Turpin anaona njozi ya watu wanaopanda mbinguni, weusi na masikini na vichaa wakiwa mbele wakirukaruka, na watu wa aina yake wakiwa nyuma kabisa, hata wema wao ukiwa unaunguzwa na moto. Aliyeandika hivyo alikuwa anaijua dhambi hiyo kutoka ndani. Kwamba hakuikomesha ndani yake ni jambo linalonihuzunisha sana, na kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaozifungia zile barua mbaya kabatini ili abaki mtakatifu. Mwanafunzi wangu nitampa barua ya 1962, na nitampa ile ya Baldwin pia, siku moja.


SWALI: Mwalimu, mimi sina elimu ya fasihi, ni fundi cherehani, ila Kiingereza nasoma. Nikitaka kumsoma huyo mwandishi nianze wapi?
Mama wa Kigamboni

JIBU: Anza na hadithi ya Bi Turpin niliyoisimulia hapo juu, kwa Kiingereza inaitwa Revelation, nayo imo katika mkusanyiko wa hadithi zake zote, The Complete Stories, uliopata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 1972. Riwaya ziache kwanza. Ukimaliza hadithi tatu nne, tafuta The Habit of Being, barua zake zilizohaririwa na rafiki yake Sally Fitzgerald na kuchapwa 1979. Nakala yangu niliipata kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na Posta, ikiwa haina jalada. Ni kitabu kinene lakini hakihitaji kusomwa kwa mpangilio, fungua popote. Zimepangwa kwa tarehe, kwa hiyo ya Alfred Corn itafute mwishoni mwa Mei 1962. Mengi ndani yake ni ya ng'ombe, tausi, dawa na bei ya vitu, na nadhani wewe unayeshinda ukiongea na wateja utayafurahia hayo kuliko maprofesa.